Kanuni ya ramani ya Numb3rs ni ya kweli, lakini nyumba hizo tatu msiziguse

Swali: "Mimi ni katibu wa kamati ya ulinzi shirikishi ya mtaa wetu, pembezoni mwa Dar es Salaam. Ndani ya miezi miwili nyumba 9 zimevunjwa usiku. Mara nyingine wanakata nondo za dirisha, mara nyingine wanavunja kufuli la mlango, na mara mbili wenye nyumba wanakiri kuwa mlango haukufungwa vizuri. Mpwa wangu amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati). Tulitazama pamoja msimu wa kwanza wa Numb3rs, tamthilia ya runinga kuhusu mwanahisabati anayesaidia polisi kupeleleza, na ile sehemu ya kwanza ikamkaa kichwani. Akachukua mahali pa matukio yote 9 kwa simu, akachora miraba kwenye Excel, kila kipimo kimoja ni mita 100, akatumia 1 gawanya kwa umbali wenye kipeo cha 1.2, akajumlisha kwa matukio yote. Rangi nyekundu imeangukia nyumba tatu za wapangaji, zile zilizo nyuma kabisa ya nyumba ya nne kuvunjwa. Humo wanaishi vijana wengi wa bodaboda. Ramani imeshatumwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, na wajumbe wengine wanataka twende tukawapekue Jumamosi. Je, kanuni hii ni ya kweli au ni ya kwenye runinga tu? Tuiamini kiasi gani? Na huyu kijana akitaka kusomea mambo haya, aende wapi?"

Ndugu katibu, nianze na lisilosubiri: Jumamosi msiende. Kwa maelezo uliyotoa, naweza kuonyesha kwa hesabu kwa nini nyumba hizo tatu zimekuwa nyekundu, na sababu yenyewe haihusiani na wanaolala ndani yake. Nitaifikia. Kwanza nijibu swali lako la ukweli wa kanuni, kwa sababu mpwa wako hakudanganywa na runinga. Alichokiona kipo, ila kilikatwa kifupi.

Msimu wa kwanza wa Numb3rs ulianza kuonyeshwa na kituo cha CBS huko Marekani tarehe 23 Januari 2005, una sehemu 13, na visa vyake viko Los Angeles: Don Eppes ni ofisa wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, na mdogo wake Charlie ni profesa wa hisabati. Hesabu za tamthilia ile zilipitiwa na wanahisabati wenyewe, akiwemo Gary Lorden wa chuo cha Caltech cha California, kwa hiyo zinazoandikwa ubaoni kwa kawaida ni hesabu halisi. Katika sehemu ya kwanza Charlie anatoa mfano wa kinyunyizio cha maji bustanini. Huwezi kusema tone linalofuata litaangukia wapi. Lakini ukiyatazama matone yaliyokwisha kuanguka, unaweza kurudi nyuma hadi kwenye kinyunyizio. Matone ni matukio, kinyunyizio ni mahali mhalifu anakotokea.

Kanuni iliyo nyuma ya mfano huo ni ya Kim Rossmo, aliyekuwa askari polisi wa Vancouver, Kanada, akaifanyia kazi hadi kupata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Simon Fraser mwaka 1995. Inasimama juu ya mambo mawili ambayo mtu yeyote wa mtaani anayajua bila kwenda chuo. La kwanza, mwizi kama mtu mwingine hapendi kwenda mbali bila sababu. Kadiri mahali palivyo mbali na kwake, ndivyo anavyopungua kufika. La pili, hapendi kuiba mlangoni kwake, ambako anajulikana kwa sura. Kwa hiyo kuna duara dogo kuizunguka nyumba yake analolikwepa. Uwezekano unapanda kuanzia mlangoni hadi ukingo wa duara hilo, kisha unashuka pole pole kadiri unavyokwenda mbali.

Sasa tazama alichokiandika mpwa wako. Ameandika jambo la kwanza tu. Duara la kukwepa halimo.

Kanuni kamili ina nusu mbili, na kwenye Excel kwa tukio moja inaandikwa hivi:

=IF(d>B, 1/d^f, B^(g-f)/(2*B-d)^g)

Hapo d ni umbali kutoka kisanduku unachokipima hadi kwenye tukio, ukipimwa kwa kona, yaani unakwenda mashariki-magharibi kwanza halafu kaskazini-kusini, kama mtu anayefuata vichochoro, si kwa mstari ulionyooka kama kunguru arukavyo. B ni ukubwa wa duara la kukwepa. f na g ni vipeo, na mara nyingi vyote viwili huwekwa 1.2. Unapiga hesabu hiyo kwa kila tukio, unajumlisha, na jumla ndiyo alama ya kisanduku.

Tuchukue B kuwa 2, yaani mita 200. Kisanduku kilicho mita 1,000 kutoka kwenye tukio kinapata 0.063. Mita 500 kinapata 0.145. Mita 300, 0.268. Mita 200, pale ukingoni, 0.435, na hapo ndipo kilele. Ukiingia ndani ya duara alama inaanza kushuka: mita 100 ni 0.268, na pale pale kwenye tukio ni 0.189. Ndiyo sura ya kanuni ya Rossmo, kama shimo lenye ukingo ulioinuka.

Ukiiacha nusu ya pili, shimo hilo linageuka kuwa mnara. Nyumba iliyo mita 20 kutoka kwenye tukio ina umbali wa 0.2 kwa kipimo cha mpwa wako, na 1 gawanya kwa 0.2 yenye kipeo cha 1.2 inatoa takriban 6.9. Linganisha na 0.145 ya tukio lililo mita 500. Tukio moja la jirani limepewa uzito wa matukio 47 yaliyo mita 500! Hata matukio mengine yote 8 yakiwa mita 500 na kujumlishwa hayawezi kulifikia. Kwa kanuni kamili nyumba hiyo hiyo ingepata 0.20 tu kutoka kwenye tukio hilo.

Hiyo ndiyo sababu ya rangi nyekundu. Nyumba tatu zile zimeng'aa kwa kuwa ziko nyuma ya nyumba ya nne kuvunjwa. Wapangaji wake wamehukumiwa kwa kosa la kuwa majirani wa aliyeibiwa. Mwambie mpwa wako afanye jaribio la dakika mbili: aweke fomula yote yenye IF, atazame nyekundu itahamia wapi. Itahama. Na akishaona inahama, asikimbilie kuituma mpya, kwa sababu hiyo mpya nayo ina udhaifu wake.

Udhaifu huo uko kwenye B. Nani alisema ni mita 200? Rossmo na wenzake hukadiria kutokana na mpangilio wa matukio na kesi za nyuma za aina ile ile. Ninyi hamna kesi za nyuma. Na tofauti ndogo ya B hubadilisha majibu vibaya. Nitaonyesha kwa namba ndogo ambazo unaweza kuzipiga kwa kalamu.

Chora miraba, kila mraba mita 100. Weka matukio matano kwenye majira ya nukta haya: (1,1), (2,1), (3,2), (2,3) na (7,3). Sasa chukua nyumba mbili, moja iko (0,0), nyingine iko (4,0), mita 400 mbali nayo. Ukihesabu kwa kona, nyumba ya kwanza iko umbali wa 2, 3, 5, 5 na 10 kutoka kwenye matukio hayo. Ya pili iko umbali wa 4, 3, 3, 5 na 6. Kwa B ya mita 200, nyumba ya kwanza inapata 0.435 + 0.268 + 0.145 + 0.145 + 0.063, jumla 1.056. Ya pili inapata 0.189 + 0.268 + 0.268 + 0.145 + 0.116, jumla 0.986. Nyumba ya kwanza ndiyo inayoshukiwa zaidi.

Ongeza B hadi mita 300. Tukio la kwanza, lililokuwa ukingoni mwa duara la nyumba ya kwanza, sasa limeingia ndani, na alama yake inashuka kutoka 0.435 hadi 0.189. Jumla ya nyumba ya kwanza ni 0.810. Nyumba ya pili haijabadilika, ni 0.986. Sasa ndiyo inayoongoza. Matukio ni yale yale, mtaa ni ule ule, ila mtu mmoja amekadiria mita 100 zaidi, na wenye nyumba wamebadilishana zamu ya kupekuliwa. Kama kuna ukurasa mmoja wa jibu hili ungependa kuwasomea wajumbe, wasomee huu.

Kuna jambo jingine linalotangulia kanuni yenyewe, nalo tamthilia hulipita kwa sentensi moja: je, matukio haya ni ya mtu mmoja? Kanuni inamtafuta mhalifu mmoja mwenye kituo kimoja. Ukichanganya wezi watatu inatafuta wastani wao, na wastani wa nyumba tatu za watu tofauti unaweza kuangukia msikitini, kanisani au kwa bibi yako. Wewe mwenyewe umetaja nondo zilizokatwa, makufuli yaliyovunjwa na milango miwili iliyoachwa wazi. Anayekata nondo anakuja na msumeno au mkasi wa chuma, amejiandaa. Anayesukuma mlango uliokuwa wazi huenda alikuwa anapita tu. Sisemi ni lazima wawe watu tofauti, ila hakuna kinachowaunganisha. Wataalamu huunganisha matukio kwa alama za vidole, kwa vinasaba, kwa namna ya kuingia inayojirudia, au kwa mali ya nyumba hii na ile kukutwa mahali pamoja. Ukiyagawa matukio yenu 9 kwa namna ya kuingia, huenda kundi kubwa likabaki na 4 au 5, na ushauri wa kawaida katika kazi hii ni kutotumia kanuni chini ya matukio 5.

La tatu, na hili kwenye wizi wa majumbani lina uzito wa pekee: si kila mwizi anaiba kuzunguka kwake. Watafiti wa Uingereza David Canter na Paul Larkin, mwaka 1993, walipendekeza kipimo rahisi. Chukua matukio mawili yaliyo mbali zaidi, mstari unaoyaunganisha uwe kipenyo, chora duara. Kwa wabakaji 45 waliowachunguza, asilimia 87 walikuwa wakiishi ndani ya duara hilo. Lakini kipimo hicho kilipojaribiwa Australia mwaka 1997 na Kocsis na Irwin kwa wavunja nyumba, takriban nusu tu walikuwa ndani. Wengine walitoka nje wakaja, wakafanya, wakaondoka. Mwizi wa aina hiyo kanuni ya Rossmo haimpati kamwe, na haitakwambia kwamba imemkosa. Itachora nyekundu mahali fulani tu, kwa sababu ndivyo ilivyoundwa: daima kuna kisanduku chenye alama kubwa kuliko vingine.

Sasa unganisha hilo na hesabu ya watu. Katika sehemu ya 13, ya mwisho wa msimu, Charlie anaeleza fumbo la milango mitatu, ambalo funzo lake ni kwamba hisia zetu kuhusu uwezekano hutupotosha. Hapa pia zinatupotosha. Nichukulie nyumba tatu za wapangaji zina watu wazima 30. Nichukulie pia, kwa ukarimu usiostahili, kwamba ramani imetengenezwa sawasawa na kuna nusu kwa nusu kwamba mwizi analala humo. Nusu hiyo inagawanywa kwa watu 30. Kila mmoja ana uwezekano wa 1 kati ya 60. Ukimkamata kijana wa kwanza unayekutana naye mlangoni, mara 59 kati ya 60 umemkamata asiye na hatia, na hapo ramani ilikuwa sahihi. Ramani yenu haikuwa sahihi.

Utaniuliza, basi polisi wa huko waliitumiaje? Swali zuri, na jibu lake liko katika kesi ambayo wenye tamthilia waliitumia kama msingi wa sehemu ya kwanza. Ilitokea Lafayette, jimbo la Louisiana. Mbakaji mmoja aliwatesa wanawake wa mji ule kwa zaidi ya miaka kumi. Polisi walikuwa na orodha ya washukiwa mamia kwa mamia na hawakuwa na pesa wala muda wa kuwapima wote. Rossmo alipoitwa mwaka 1998, kanuni yake ilipunguza eneo hadi nusu maili ya mraba, yaani kama kilometa 1.3 za mraba, na orodha ikapungua hadi watu kama kumi na wawili.

Hao kumi na wawili wakapimwa vinasaba. Wote walikuwa safi.

Kisha ikaja taarifa kutoka kwa mtu asiyejitambulisha, ikimtaja ofisa mmoja wa usalama wa eneo lile lile. Makazi yake yalikuwa nje ya eneo la ramani. Ilipochunguzwa anwani yake ya zamani, ikaonekana kuwa wakati wa matukio alikuwa akiishi ndani ya eneo hilo, kisha akahama. Wapelelezi wakaokota kipisi cha sigara alichokitupa, vinasaba vikalingana, akahukumiwa kifungo cha maisha. Kwa hiyo ramani ilisema kweli, lakini kila mtu aliyekutwa ndani ya ramani siku ile alikuwa hana hatia. Laiti watu wa Lafayette wangefanya wanachotaka kufanya wajumbe wenu Jumamosi, wangewapiga watu kumi na wawili wasiohusika huku mwenyewe akiwatazama.

Ona pia kazi ambayo ramani ilifanya hapo. Ilipanga foleni. Ilisema nani apimwe kwanza kati ya watu ambao majina yao tayari yalikuwa kwenye faili kwa sababu nyingine. Kilichomtia mtu hatiani ni vinasaba. Ninyi hamna faili la majina wala hamna kipimo, na foleni bila vitu hivyo viwili inakuwa orodha ya watu wa kupigwa.

Na tamthilia yenyewe, ukiirudia kwa utulivu, haifichi hili. Katika sehemu ya kwanza ramani ya mwanzo ya Charlie inashindwa: watu wa eneo alilolipendekeza wanachunguzwa, hakuna anayelingana, na anarudi ubaoni kutambua kwamba mhalifu ana vituo viwili, anakoishi na anakofanya kazi. Katika sehemu ya pili anabashiri benki itakayovamiwa. Anapatia benki, lakini hakujua ni watu wa namna gani wanaokuja, risasi zinarindima na Don anajeruhiwa. Charlie anajifungia kwenye gereji ya nyumbani na fumbo lake la hisabati siku kadhaa. Nadhani ndiyo sehemu bora ya msimu mzima, na mpwa wako aitazame tena. Inachopunguza tamthilia ni muda. Kupata mahali sahihi pa tukio, saa yake, na uhakika kwamba linahusiana na mengine huchukua wiki za kazi ya kuchosha, na runinga haiwezi kuionyesha.

Mambo mawili madogo ya vipimo, nisije nikayasahau. Alama ya mahali iliyotumwa kwa simu inaweza kukosea kwa makumi ya mita, hasa katikati ya nyumba za mabati zilizobanana, na kwa kanuni ya nusu moja mita 20 zilibeba kila kitu. Pia angalieni tarehe: mtu aliyesafiri wiki moja akarudi akakuta kaibiwa hajui ni usiku upi. Andikeni "kati ya tarehe hii na hii", msibuni.

Je, kazi ya kijana itupwe? Hapana, na hapa ndipo ninapotaka kamati iweke nguvu. Charlie anasema tone linalofuata halitabiriki, na kwa kumtafuta mhalifu ni sawa. Kwa wizi wa majumbani, hata hivyo, tone linalofuata hutabirika zaidi kidogo kuliko watu wanavyodhani. Uchunguzi uliofanywa Merseyside, Uingereza, na Kate Bowers na Shane Johnson ulionyesha kwamba nyumba ikishavunjwa, nyumba zilizo ndani ya mita kama 400 zinakuwa na hatari iliyopanda kwa mwezi mmoja hadi miwili, kisha inashuka. Sababu inaeleweka: mwizi ameshajua njia za kuingilia na kutokea, ameona milango ya jirani ni ya fundi yule yule, na anajua mbwa yuko wapi. Mita 400 ni za miji ya Uingereza. Mtaani kwenu, ambako nyumba zimesongamana, ningeanza na 150 au 200 na kurekebisha kadiri taarifa zinavyoongezeka.

Kwa hiyo mpwa wako achore ramani nyingine. Kila tukio alizungushie duara, alipe rangi nzito kwa wiki mbili za kwanza, nyepesi kwa wiki nne zinazofuata, halafu alifute. Maduara yanapopishana, hapo ndipo doria ya usiku ipite mara mbili zaidi. Aongeze safu ya saa: matukio mangapi yalikuwa kabla ya saa sita usiku, mangapi kati ya saa nane na saa kumi alfajiri. Mara nyingi doria za mitaani zinachoka saa nane, na wezi wanalijua hilo. Siku hiyo hiyo nyumba inapovunjwa, mjumbe mmoja apite nyumba kumi za kuizunguka, awaambie wafunge komeo la ndani, waache taa ya nje inawaka, na kama nondo zimechomelewa kwa nukta moja moja fundi azipitie. Ramani hii haimtaji mtu. Hata ikikosea, hasara yake ni doria iliyopita mahali pasipohitaji.

Kuhusu polisi, nendeni, tena mapema. Kila aliyevunjiwa awe na RB yake, yaani namba ya taarifa yake kituoni. Wengi huacha kwa kuona mali ilikuwa ndogo, na matukio yasiyoripotiwa hayawezi kuunganishwa na mtu yeyote. Mkutane na polisi kata mkiwa na mwenyekiti wa mtaa, mkabidhi jedwali: namba ya tukio, tarehe au kipindi, saa, namna ya kuingia, kilichochukuliwa, namba za simu na runinga zilizoibwa kama maboksi yake bado yapo. Jedwali hilo lina thamani kubwa kuliko ramani yoyote, kwa sababu mpelelezi anaweza kulilinganisha na ya mitaa mingine na kwa wanunuzi wa vitu chakavu. Mtu mwenye jina mahususi na sababu mahususi ya kumtaja, alimwona nani, saa ngapi, na nini, alipeleke kituoni yeye mwenyewe. Kupekua chumba cha mtu si kazi ya kamati, hata mwenyekiti akiwepo. Na Katiba ya nchi, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla hatia haijathibitishwa. Hawa vijana hata kushtakiwa hawajashtakiwa. Tukijua jinsi kelele za "mwizi" zinavyoweza kuishia kwenye tairi na petroli, sioni nafasi ya kujaribu.

Kijana wako anastahili kutiwa moyo. Kukosea nusu ya fomula ni kosa la kawaida, na uwezo wa kuijenga kwenye Excel mwenyewe akiwa na umri huo si wa kawaida. Kwa masomo, atazame shahada za takwimu na hisabati katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Chuo Kikuu cha Dodoma, au Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika kilichopo Dar es Salaam. Akivutwa zaidi na ramani, Chuo Kikuu Ardhi. Wakati anasubiri, apakue QGIS, programu ya ramani ambayo ni bure, ajifunze kuweka nukta na kupima umbali, kisha CrimeStat ya Ned Levine, programu ya takwimu za uhalifu, nayo bure, ambayo ina sehemu ya kukadiria makazi ya mhalifu kwa njia kadhaa. Mazoezi aanze na kipindupindu cha London cha mwaka 1854. Ramani ya daktari John Snow ya vifo vya Soho inapatikana wazi, jibu linajulikana (chanzo kilikuwa pampu ya maji ya Broad Street), na kanuni ya Rossmo ilipojaribiwa juu yake mwaka 2011 iliipa nafasi ya kwanza, kati ya pampu 13, ile ile ya Broad Street. Ni kazi ya aina moja na ya sehemu ya tatu ya msimu, ya kutafuta chanzo cha ugonjwa, na atajifunza bila kumweka jirani yeyote hatarini.

Kabla ya Jumamosi, basi. Aliyeituma ile ramani aifute kwenye kundi na kuandika kwamba ilikuwa na kosa la hesabu, alitaje kosa lenyewe, kwamba fomula ilikuwa nusu. Watu huamini marekebisho yenye sababu. Wewe na mwenyekiti mpite kwenye nyumba zile tatu mchana, si usiku, mzungumze na wenye nyumba na wapangaji. Waambieni hakuna anayewashuku, na waulizeni kama usiku wa tukio la nne walisikia chochote. Madereva wa bodaboda hurudi saa ambazo wengine wamelala. Kama kuna mtu mtaani aliyekutana na mgeni kichochoroni saa tisa usiku, huenda ni mmoja wao, na hadi jana hakuna aliyekuwa amewauliza.